Mwite mchezoni mtoto aliyezoea kukaa kando

Na MWANDISHI WETU

JE, msomaji mpendwa, nyumbani kwako au kwa jirani yako hakuna mtoto ambaye watu wamechoka naye? Huenda ni mvulana wa miaka kumi na miwili anayepanga vifuniko vya soda kwa mstari kutwa nzima, na ambaye ukimsalimia hutazama ukuta. Huenda ni msichana asiyeweza kukaa kitako darasani kwa dakika tano, aliyeitwa mtukutu mara nyingi hata akaanza kuliamini jina hilo. Au ni yule kijana wa kidato cha pili aliyefukuzwa shule mara mbili, sasa anashinda kwenye kona ya mtaa na vijana waliomzidi umri, na mamake halali usingizi hadi amsikie akifungua mlango.

Watoto hawa watatu hawafanani. Wa kwanza huenda ana usonji. Wa pili huenda ana ile hali ya kutotulia na kukosa makini ambayo madaktari huiita kwa kifupi ADHD. Wa tatu huenda hana tatizo lolote la kimaumbile, ila umaskini, hasira na marafiki wabaya vimemzingira. Hata hivyo, kuna jambo moja linalowaunganisha. Wote wamezoea kusikia neno "hapana" kutoka asubuhi hadi jioni. Hapana, usiketi hivyo. Hapana, hilo silo jibu. Hapana, wewe baki kando, wenzako wacheze.

Leo nataka tuzungumzie mchezo ambao kanuni yake ya kwanza ni kusema "ndiyo". Ni uigizaji wa papo kwa papo, yaani kuigiza bila maandishi na bila kukariri lolote. Waigizaji husimama mbele ya wenzao, wakapewa mahali au jambo, kisha wakabuni mchezo hapo hapo. Katika nchi kadhaa, sanaa hii imekuwa ikifundishwa watoto wenye usonji, vijana waoga kupindukia, na hata wale waliokwisha kuingia mikononi mwa polisi. Nia si kuwafanya waigizaji mashuhuri. Ni kuwapa mahali ambapo wanalolisema linapokelewa.

ULIZALIWA MTAANI

Wengi hudhani kwamba uigizaji wa aina hii ni anasa ya wachekeshaji wa televisheni. La kushangaza ni kwamba ulizaliwa miongoni mwa watoto wa maskini.

Mnamo 1889, wanawake wawili, Jane Addams na Ellen Gates Starr, walifungua nyumba ya huduma kwa jamii iitwayo Hull House katika mtaa wa wachochole upande wa magharibi wa jiji la Chicago, Marekani. Mtaa huo ulijaa wahamiaji: Wataliano, Wagiriki, Wayahudi waliotoka Urusi na baadaye watu wa Mexico. Siku hizo mtoto aliyekosea alishtakiwa pamoja na watu wazima. Wanawake wa Hull House walikuwa miongoni mwa waliopigania mabadiliko, na mwaka wa 1899 Chicago ikapata mahakama ya kwanza ya watoto nchini Marekani. Addams mwenyewe alikuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 1931.

Ni katika nyumba hiyo ambapo mwalimu mmoja, Neva Boyd, aliendesha chuo cha kuwafunza watu namna ya kuongoza michezo ya vikundi. Boyd alishikilia kwamba mchezo ni shule. Mtoto anayecheza na wenzake hulazimika kufuata sheria, kungoja zamu, kumsoma mwenzake usoni na kukata shauri upesi. Hayo hayafundishiki kwa mahubiri.

Mmoja wa wanafunzi wake kati ya 1924 na 1927 alikuwa msichana wa Chicago, mzaliwa wa familia ya wahamiaji, aliyeitwa Viola Spolin. Ilipofika 1939, wakati serikali ya Marekani ilipokuwa ikiwapa watu kazi kufuatia ule mdororo mkuu wa uchumi, Spolin aliajiriwa kusimamia maigizo katika mradi wa burudani wa umma jijini humo. Alikutana na tatizo ambalo mwalimu yeyote wa Kenya analijua. Mbele yake walikuwa watoto waliotoka kwenye makabila na lugha mbalimbali, wengine wasioelewa Kiingereza sawasawa, na hawakuwa tayari kusimama wakiambiwa "inua mkono hivi, sema hivi."

Badala ya kuwakaripia, aligeuza kila somo kuwa mchezo. Alipotaka watoto wasikilizane, hakuwaambia "sikilizeni." Aliwapa mchezo ambao hauwezi kuendelea msiposikilizana. Spolin alikataa pia kuwagawa watoto kuwa hodari na wazembe. Kwa maoni yake, sifa zikizidi humdhuru mtoto kama vile lawama, kwa kuwa zote mbili humfanya amtazame mwalimu badala ya kutazama kazi iliyo mbele yake.

Mwanawe, Paul Sills, aliichukua michezo hiyo akaipeleka kwa watu wazima. Mwaka wa 1955 alishiriki kuanzisha kundi la Compass, na Desemba 1959 akawa miongoni mwa waanzilishi wa ukumbi wa Second City uliokuja kutoa wachekeshaji wengi maarufu wa Marekani. Mama naye alichapisha kitabu chake, Improvisation for the Theater, mwaka wa 1963. Spolin alifariki 1994.

Ng'ambo ya bahari, mambo yalikwenda hivyo hivyo. Mwingereza Keith Johnstone, aliyefariki 2023, alianza kazi kama mwalimu wa shule katika mtaa wa makabwela wa Battersea, London. Alipewa darasa lililokuwa na watoto ambao walimu wenzake walikwisha kuwakatia tamaa na kuwaita wasiofundishika. Aliamua kufanya kinyume cha yale aliyotendewa na walimu wake mwenyewe, akaona watoto hao wakiandika na kubuni mambo. Baadaye aliyapeleka mafunzo hayo katika jumba la maigizo la Royal Court, kisha Canada.

Kwa hivyo, msomaji, leo walimu wanapoupeleka mchezo huu kwa watoto waliotengwa, wanaurudisha ulikotoka.

NDIYO, TENA...

Siri ya mchezo ni nini? Ni kanuni moja ambayo hata mtoto wa chekechea anaweza kuishika. Mwenzako akitoa wazo, lipokee kisha uongeze lako. Wenyewe husema, "Ndiyo, tena..."

Tuseme mtoto mmoja anasema, "Tuko ndani ya mtumbwi." Mwenzake angejibu, "Mtumbwi gani? Hii si sakafu tu?" mchezo ungekufa hapo hapo. Lakini akisema, "Ndiyo, tena maji yameanza kuingia," sasa pana mtumbwi, pana hatari na pana kazi ya kufanya. Wa tatu ataanza kuchota maji. Wa nne ataita msaada. Hakuna aliyejua mwanzoni kwamba mtumbwi utazama.

Sasa fikiria maana ya jambo hilo kwa yule mtoto wa vifuniko vya soda. Kila siku akizungumzia anachokipenda, watu hubadilisha mazungumzo. Katika mchezo huu akisema, "Hiki ni kifuniko namba arubaini na moja," mwenzake hana budi kujibu, "Ndiyo, tena mfalme ametuma watu wakitafute." Pengine ni mara ya kwanza maishani mwake kuona wazo lake likibebwa na mtu mwingine.

Kuna jambo la pili. Katika mchezo huu kukosea hakupo. Mtoto akisema neno lisilotarajiwa, neno hilo ndilo litakaloubeba mchezo. Kwa kijana ambaye kila kosa lake limekuwa likiandikwa kwenye daftari la nidhamu, hiyo ni habari ya kutuliza moyo.

NDANI YA DARASA

Darasa la aina hii halihitaji jukwaa, mavazi wala umeme. Chumba kitupu kinatosha, au kivuli cha mwembe. Watoto husimama kwa duara. Mwalimu hakai kwenye kiti akipiga kelele, bali huzunguka kando akitoa maelekezo mafupi mchezo ukiendelea. Hii hapa baadhi ya michezo itokayo kwenye mafunzo ya Spolin na wenzake.

Kioo: Watoto wawili hukabiliana. Mmoja huinua mkono polepole, mwingine huufuata kana kwamba ni sura yake kwenye kioo. Baadaye hubadilishana. Mwishowe mwalimu husema asiwepo kiongozi, kila mmoja amfuate mwenzake. Mtoto ambaye hapendi kutazamwa machoni anaweza kuufuata mkono tu, wala hakuna atakayemlaumu.

Kitu kisichoonekana: Mtoto hushika hewa mikononi kana kwamba ni kitu, tuseme kifaranga, akampa wa pili. Wa pili hukipokea kwa uangalifu ule ule, kisha hukigeuza kuwa kitu kingine, labda jiwe zito, akampa wa tatu. Hapa hakuna anayehitaji kusema neno. Mtoto mwepesi wa mikono na mzito wa ulimi hung'ara.

Lugha ya kubuni: Watoto huzungumza kwa sauti zisizo na maana, mmoja akimuuzia mwenzake samaki na mwingine akilalamikia bei. Kwa kuwa maneno hayapo, inambidi kila mtu asikilize sauti na kutazama mikono. Wale wanaopata shida ya usemi huwa sawa na wenzao kwa dakika hizo.

Mashine: Mtoto mmoja huanza kwa kurudia kitendo kimoja na sauti moja, kama vile kuinua na kushusha mkono. Wa pili hujiunga kama sehemu nyingine ya mashine hiyo, kisha wa tatu, hadi darasa lote linaunguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Yule msichana asiyetulia, ambaye mwili wake huhangaika mchana kutwa, hapa mwili huo ndio unaohitajika.

Hadithi ya neno moja moja: Kikundi husimulia hadithi, kila mtu akitoa neno moja tu. Anayetaka kuwa bingwa peke yake hugundua upesi kwamba hawezi. Ni lazima amngoje mwenzake.

Nchini Uingereza, mwigizaji Kelly Hunter aliunda michezo yake kwa ajili ya watoto wenye usonji kwa kutumia tamthilia za Shakespeare. Yeye huanza kwa kuwaketisha watoto na waigizaji katika duara, kila mtu akiwa na mkono kifuani akipiga pigo la moyo na kusalimu kwa mdundo huo. Salamu hiyo hurudiwa kila mara, kwa kuwa mtoto mwenye usonji aghalabu hutulia akijua kitakachofuata. Hilo ni funzo kubwa. Mchezo wa kubuni unahitaji mwanzo na mwisho visivyobadilika, ili katikati mtoto athubutu kujaribu mapya.

WATAFITI WANASEMAJE?

Swali ambalo mzazi yeyote atauliza ni hili: je, kuna ushahidi, au ni porojo za wasanii?

Ushahidi upo, ingawa bado ni mchanga. Huko Marekani, mtaalamu wa saikolojia Blythe Corbett alianzisha mwaka wa 2009 mpango uitwao SENSE Theatre, ambao huwachanganya watoto wenye usonji na wenzao wasio na hali hiyo waliofunzwa namna ya kuwapokea. Pamoja hucheza, hubuni na hatimaye huonyesha mchezo mbele ya watu. Katika utafiti uliochapishwa 2016, watoto 30 wa umri wa miaka 8 hadi 14 waligawanywa kwa kura, wengine wakaingia mafunzoni na wengine wakangoja zamu yao. Mafunzo yalikuwa vikao kumi vya saa nne kila kimoja. Waliofunzwa walionyesha maendeleo katika kuzikumbuka sura za watu na katika kuwasiliana na wengine. Watoto 30 si wengi, lakini kura hiyo inaupa utafiti uzito.

Katika jiji la Detroit, ambalo viwanda vyake vya magari vilipodorora familia nyingi zilitumbukia kwenye dhiki, waigizaji wenyeji wa huko wamekuwa wakipeleka mafunzo ya bure katika shule za umma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwapima vijana hao kabla na baada ya mafunzo ya wiki kumi, wakachapisha matokeo 2019. Wale waliokuwa na woga mkubwa wa kukaa na watu mwanzoni, woga wao ulipungua. Msomaji ambaye amewahi kumwona kijana akitetemeka kwa kuitwa tu asome mbele ya darasa anajua uzito wa jambo hilo. Woga wa namna hiyo humfanya kijana akwepe shule, na akikwepa shule, kona ya mtaa humpokea kwa mikono miwili.

WALIOKWISHA KUKOSEA

Na wale waliokwisha kukosana na sheria? Kuna kundi liitwalo Geese, lililoanzia Marekani mwaka wa 1980 na kupata tawi lake Uingereza mwaka wa 1987. Kundi hili hufanya kazi na wafungwa na vijana waliokosea. Chombo chao kikuu ni kinyago. Mwigizaji huvaa kinyago kinachoonyesha sura ambayo mtu huipeleka mbele za watu, kwa mfano sura ya mbabe asiyejali lolote. Katikati ya mchezo, watazamaji wanaweza kumwambia akiinue kinyago hicho. Akikiinua, husema yale ambayo mhusika anawaza moyoni: "Naogopa. Nikikataa kwenda nao, watanicheka."

Kijana anayetazama hajaambiwa ajieleze. Hajahojiwa na mtu yeyote. Lakini amejiona. Kisha huulizwa: huyu mhusika angefanya nini tofauti? Watu hujaribu njia hii, wakajaribu na ile. Wakati mwingine kijana huinuka mwenyewe na kuonyesha. Ni afadhali mtu ajaribu kukataa mwito wa genge ndani ya mchezo, ambamo hakuna kisu, kabla ya kukutana nao gizani.

Hapa ndipo uigizaji wa papo kwa papo unapoushinda mchezo wa kukariri. Maisha ya mtaani hayana maandishi. Polisi akikusimamisha, rafiki akikupa kifurushi usichokijua, mwalimu akikutuhumu bure, hujapewa maneno ya kusema. Aliyezoea kufikiri akiwa amesimama, akasikiliza kabla ya kujibu, ana nafasi nzuri zaidi ya kutoka salama.

JIHADHARI NA MTEGO HUU

Lakini, msomaji, kila chema kina hatari yake. Kuna wazazi na walimu ambao wakisikia habari za mafunzo haya hufurahi na kusema, "Vizuri! Sasa mtoto wangu atafundishwa kuwa kama wengine." Huo ni mtego.

Usonji hauondolewi kwa mchezo. Haupo mchezo unaouponya, wala dawa, wala maombi yanayouzwa kwa pesa. Tena, watu wazima wengi wenye usonji wamesimulia jinsi walivyochoka na kuumia nafsi kwa kujilazimisha miaka nenda miaka rudi kuigiza kwamba wao ni kama wengine: kutazama watu machoni hata kama kunawaumiza, kucheka wasichokielewa, kuizuia mikono isipepee. Hicho nacho ni kinyago, na kukivaa kutwa kucha ni mzigo. Darasa linalomfunza mtoto kuvaa kinyago hicho linamwongezea mzigo alioujia.

Mwaka wa 2012 mtaalamu wa Uingereza Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja iliyowafanya wengi wafikiri upya. Alisema kwamba mtu mwenye usonji na asiye nao wanaposhindwa kuelewana, kosa si la mmoja. Kila upande haumsomi mwenzake. Mwaka wa 2020 watafiti waliijaribu hoja hiyo kwa watu wazima 72 kwa njia inayofanana na mchezo wa watoto wa kunong'onezana: mtu humsimulia wa pili hadithi, wa pili akampokeza wa tatu, hadi mwisho wa mnyororo. Mnyororo wa watu wenye usonji watupu uliibeba hadithi vizuri sawa na ule wa watu wasio na usonji. Mnyororo uliochanganya ndio ulioipoteza zaidi. Utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa 2025 haukuona tofauti baina ya minyororo hiyo mitatu. Tafiti zote mbili zinakubaliana kwa hili: watu wenye usonji wakiwasiliana wenyewe kwa wenyewe, hawawi nyuma ya mtu yeyote.

Ndiyo sababu mwalimu mwema hawafunzi wenye usonji peke yao. Huwafunza na wenzao, na huwafunza wazazi pia. Mtu mzima ndiye mwenye kazi ngumu zaidi kwenye duara, kwa kuwa ndiye aliyezoea kusema "hapana".

ANZA NYUMBANI

Huenda unasema: hayo ni ya Chicago na London, mimi niko Kisii au Kayole, nifanyeje? Ukweli ni kwamba mbegu unayo. Watoto wetu wamecheza kalongolongo tangu enzi na enzi. Mmoja ni mama, mwingine ni baba, matope ni ugali na majani ni sukuma wiki. Hakuna aliyewaandikia maneno. Huo ni uigizaji wa papo kwa papo, ila mtoto mwenye usonji au asiyetulia ndiye anayeambiwa, "Wewe hujui kucheza, ondoka."

Shule zetu nazo zina mazoea ya maigizo kwa ajili ya mashindano ya kitaifa ya drama, na ni jambo la kujivunia. Lakini mashindano yanataka ushindi, na ushindi unamtaka mtoto anayekariri haraka na kusema kwa sauti kubwa. Anayebaki hutumwa kubeba viti. Mwalimu akitenga alasiri moja kwa wiki ya kucheza bila tuzo na bila waamuzi, atampata hata huyo wa viti.

Ukitaka kujaribu nyumbani, zingatia haya machache:

Anza na dakika tano. Chagua mchezo mmoja, kwa mfano kioo, na uanze na kumaliza kwa njia ile ile kila siku. Makofi mawili ya kufungua na mawili ya kufunga yanatosha, mradi mtoto hachukii sauti ya makofi. Kama anaziba masikio kukiwa na kelele, tumia kupunga mkono.

Mfuate kwanza. Kama anapanga vifuniko, keti chini upange vyako. Anapokutazama, ongeza kitu kidogo. Hiyo ndiyo "ndiyo, tena" bila maneno.

Usilazimishe. Mtoto awe na ruhusa ya kutoka kwenye duara na kutazama kutoka mbali. Kutazama nako ni kushiriki. Wengine hutazama kwa wiki kadhaa kabla ya kuingia.

Usimcheke, na usikubali acheke mwenzake kwa kejeli. Kucheka pamoja ni halali, kumcheka mtu ni haramu. Usimpige picha za simu ukawatumia majirani bila ridhaa yake, hata kama amefanya la kufurahisha.

Kwa kijana aliyekwisha kupotoka, usianze na mahubiri. Mpe nafasi ya kuigiza wewe, mzazi, nawe umwigize yeye. Jiandae: utajiona ulivyo, na huenda usipendezwe. Lakini mkimaliza mkacheka wote wawili, mlango uliokuwa umefungwa kwa miezi huenda ukafunguka kidogo.

Na usisahau ya muhimu. Mchezo hauchukui nafasi ya daktari wala mwalimu wa elimu maalum. Ikiwa mtoto wako amechelewa kusema, hajibu jina lake, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke hospitali, na uulize kuhusu kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum katika kaunti yako. Usimpeleke kwanza kwa mganga, wala usimfiche chumba cha ndani wageni wanapokuja. Kijana anayezungumzia kujidhuru naye anahitaji mshauri nasaha siku hiyo hiyo, si mchezo.

Wazee wetu walipotusimulia hadithi jioni walianza na neno moja: "Paukwa!" Nasi tulijibu kwa pamoja: "Pakawa!" Bila jibu hilo, hadithi haikuanza. Msimulizi alingoja.

Yule mtoto wako aliyezoea kukaa kando amekuwa akisema paukwa kwa njia yake miaka hii yote: kwa vifuniko, kwa miguu isiyotulia, kwa mlango anaoubamiza akitoka usiku. Anangoja mtu wa kumjibu. Jioni ya leo, kabla ya habari za televisheni, keti naye umjibu.